Shangazi Anajibu: Mama Mkwe Anamfanyia Mzaha Marehemu Mume Wangu

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mjane mwenye watoto watatu, mzaliwa wa Tabora niliyeolewa Kigoma, na tunaishi Kibirizi. Mume wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Aliugua wiki mbili akafariki, na eda yangu imekwisha. Kinachoniumiza sasa ni mama mkwe. Kila mwezi unapokuwa mpevu huwaita wanangu uani kwake, akajifunga shuka kiunoni na kumwigiza marehemu alivyotembea, alivyocheza ngoma na alivyokoroma, hadi watoto wanagaagaa kwa kicheko. Nikimwambia kwamba huko ni kumvunjia marehemu heshima, hunijibu kwamba mwanawe hakuwa mtu wa heshima za namna hiyo. Nataka kuwachukua watoto tuhamie kwa kaka yangu Tabora. Je, nakosea?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu baba watoto wako. Baada ya pole hiyo, niruhusu nikuambie kwamba unakosea, na kwamba katika jambo hili mimi niko upande wa mama mkwe wako.

Barua yako ina kurasa nne, nami nimechapa robo yake tu. Katika ukurasa wa kwanza unamlalamikia mama mkwe, lakini kuanzia wa pili anayelalamikiwa ni marehemu mwenyewe. Alicheza na watoto hadi ugali ukapoa. Alipiga honi ya meli ya Liemba kwa mdomo tangu alipokunja kona ya uchochoro, ili watoto wajue kwamba baba ametia nanga, na mtoto wako wa mwisho, ambaye hajawahi kuisikia honi ya meli yenyewe, anaijua kwa mdomo wa baba yake. Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, unasema mumeo "alikaa bure" miezi mitatu akiwatengenezea watoto mitumbwi ya maboksi. Mstari unaofuata, kwa mkono wako mwenyewe, unaeleza kwamba watoto hawakulala njaa hata siku moja, kwa kuwa kila alfajiri alikwenda kufyatua tofali za watu. Mwanangu, huyo hakukaa bure hata kidogo, na kama kuna mwanamke mwenye mume wa namna hiyo asiyemtaka, aniandikie, kwa maana nina orodha ndefu ya wanaomtafuta.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukujiuliza. Kwa nini iwe mwezi mpevu? Dagaa wa huko huvuliwa usiku kwa taa, na taa inahitaji giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki vizuri chini ya taa, hivyo vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, huvutwa ufukweni na wavuvi hulala majumbani mwao. Usiku wa mbalamwezi ndio mumeo alikuwa nyumbani. Mama yake anawaita wajukuu katika usiku uleule ambao baba yao angekuwa uani akiwarusha juu na kuwadaka. Wewe uliyeishi na mvuvi miaka kumi na moja hukuliona hilo, nami nimeliona kwenye karatasi yako. Na usidhani kwamba anayecheka hana msiba. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyo mzee amezaa, amelea na amezika.

Nadhani kinachokuuma ni kingine. Ukurasa wa nne umegusia, kwa haraka kama mtu anayefunika sufuria, kwamba binti yako alikuomba nawe umwigize baba, ukamjibu kwamba una vyombo vya kuosha. Vyombo vinaweza kungoja. Unaona haya kwa sababu alipokuwa hai alichekesha nyumba nzima nawe ukanuna, na sasa bibi anacheka kwa niaba yako.

Hauko peke yako katika hilo. Ndoa za siku hizi zinampima mume kwa bati alizoezeka na kwa ujumbe wa muamala unaoingia katika simu. Aletaye fedha nyingi na uso uliokunjamana huitwa mwanamume wa maana, hata kama watoto hutawanyika kila wasikiapo hatua zake. Aletaye kidogo kisha akalala chini wanawe wakampanda mgongoni, mkewe huwaambia mashoga zake, kama ulivyoniandikia mimi, kwamba analea watoto wanne. Tumewafundisha binti zetu kuogopa mume mlevi na mume mgomvi, jambo ambalo ni sahihi, lakini tukasahau kuwaambia kwamba mume mcheshi anayerudi nyumbani ni riziki.

Kuhusu Tabora, panda treni na watoto shule zikifungwa, uwasalimie ndugu, urudi kabla hazijafunguliwa. Kuhama usithubutu. Tena nakushangaa, kwa kuwa huko kwenu Unyamwezini watani huingia msibani na kumwigiza marehemu mbele ya jeneza, na hakuna anayewafukuza.

Katika ukurasa wa tatu, ukitaka kunithibitishia ukaidi wa marehemu, umeeleza kwamba usiku mmoja alichelewa kwa saa mbili ukamnunia mlangoni, naye akakuambia kwamba Liemba ilizamishwa mwaka 1916, ikaja kuibuliwa mwaka 1924, na watu hawakuinunia, sasa yeye wa saa mbili ananuniwa kwa lipi. Nimecheka hadi miwani ikaanguka. Mwezi utakapopevuka, beba mkeka wako uende uani kwa mama mkwe, usimhutubie mtu, ukae, kisha umsimulie hiyo. Kwa maelezo yako mlikuwa wawili tu pale mlangoni, kwa hiyo yeye bado hajaisikia.