Shangazi anajibu: Tamthilia za Australia

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binamu yangu aliniazima tamthilia ya The Thorn Birds, akasema kwa Australia hakuna kama hiyo. Nimeimaliza kwa siku mbili na nimelia sana. Nataka nyingine za huko, za miaka ileile. Nianze na ipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hata mimi niliilia hiyo. Lakini mwambie binamu yako kwamba si ya Australia. Aliyeandika kitabu, Colleen McCullough, ni Mwaustralia, na hadithi ni ya huko. Waliotengeneza tamthilia, mwaka 1983, ni Wamarekani. Yale malisho ya kondoo yako California, na mandhari ya Queensland, jimbo la Australia, yalipigwa Hawaii. Nchi yenyewe bado hujaiona, na hilo linaniuma, maana nimeishi Melbourne miaka 19 na naipenda ardhi hii.

Mwaka huohuo Waaustralia walitoa All the Rivers Run. Anza na hiyo. Sigrid Thornton anaigiza Philadelphia Gordon, binti yatima aliyenusurika ajali ya meli baharini, akaja kuwa na hisa katika meli ya mvuke kwenye mto Murray, ilhali moyo wake uko kwenye uchoraji.

Meli waliyoigizia, Pevensey, ipo hadi leo Echuca, mji ulio kando ya mto huo, na bado inatembea. Nimeipanda mara tatu. Mashine iko wazi kabisa, unasimama hatua chache tu kutoka kwenye tanuri. Mchochezi anasukumiza gogo la mkaratusi, mbao yake nyekundu kama nyama, anaubamiza mlango wa chuma, na joto linakupiga usoni. Ubavuni magurudumu yanachapa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ukiitazama tamthilia, sikiliza mlio huo. Hawakuubuni studio.

Ya pili iwe A Town Like Alice, ya 1981, yenye Helen Morse na Bryan Brown. Kuna wanawake wanaoswagwa na askari wa Kijapani, kijiji hadi kijiji, katika nchi iliyoitwa Malaya (leo ni sehemu ya Malaysia) wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na watoto mgongoni. Ilipata tuzo ya Emmy ya kimataifa, na ilistahili.

Utakuta za miaka ile ni nyingi mno. Chanzo ni kodi. Kuanzia 1981, kifungu cha sheria kiitwacho 10BA kilimruhusu aliyewekeza dola 100 katika filamu ya nchini kupunguza dola 150 kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, na tamthilia fupi zilihesabiwa humo. Wenye fedha wakajitokeza. Baadaye serikali ikaibana nafuu hiyo kidogo kidogo, lakini kazi nzuri zilikuwa zimeshapigwa.

Niandikie ukifika pale Philadelphia anapoliona jina lake kwenye meli.