Vidoa vitatu angani: ukungu wa lenzi au vumbi?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Niko Unguja, napiga picha za mitaani na za bandarini. Mwaka jana nilinunua kamera ndogo ya Ricoh GR III iliyokwishatumika na nimeipenda kupita kiasi: inaingia mfukoni, na watu hawashtuki nikiitoa. Sasa tangu Ramadhani naona vidoa vitatu vya kijivu kwenye picha, kimoja kikubwa kiasi juu kulia, daima mahali palepale. Nikipiga ndani ya nyumba sivioni. Mchana kweupe, nikielekeza baharini, vinanitazama. Nikiwa nje huwa naweka f/16, lile tundu dogo la lenzi, ili kila kitu kitoke kikali. Rafiki yangu anasema ni ukungu umeota ndani ya lenzi, niiuze mapema kabla haujaenea. Mwingine anasema niinyonye kwa mashine ya kufyonza vumbi. Wa tatu kanitumia video ya kuifungua kwa bisibisi. Nifuate la nani?

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Kwa leo usifuate la yeyote kati yao, na bisibisi ifiche kabisa.

Huo si ukungu. Ni vumbi, tena limekaa kwenye sensa, kile kibamba nyuma ya lenzi kinachopokea picha, si kwenye lenzi. Nalisema hili bila kuishika kamera kwa sababu ushahidi umeuandika mwenyewe: mahali palepale, mchana tu, f/16. Ukungu wa lenzi hauna tabia hiyo. Wenyewe huota kama utando wa buibui, unauona ukimulika lenzi kwa tochi ya pembeni, na kwenye picha hauchori kidoa. Unafifisha picha nzima: weusi unageuka kijivu, na ukipiga kuelekea jua mwanga unatapakaa kila mahali. Hata chembe za vumbi zilizo ndani ya lenzi kwa kawaida hazionekani, maana ziko mbali mno na sensa kuweza kuingia kwenye fokasi. Nimeona lenzi zenye chembe tele zikitoa picha safi kabisa. Sensa ndiyo isiyosamehe.

Kwa nini basi ndani ya nyumba huvioni? Jaribu jambo moja usiku. Weka kidole sentimita chache kutoka ukutani chini ya ile taa ndefu ya tyubu. Kivuli chake ni hafifu, kingo zimetawanyika, hujui kinaanzia wapi. Sasa zima taa, mwambie mtu asimame upande wa pili wa chumba na tochi ya simu. Kivuli kilekile kinakatika kama kwa wembe. Kidole hakikubadilika, ukubwa wa chanzo cha mwanga ndio uliobadilika. Apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, inafanya vivyo hivyo: namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana. Ndani ya nyumba mwanga ni haba, apecha inafunguliwa. Kwa f/2.8 tundu la lenzi ni pana, mwanga unaifikia chembe ya vumbi kutoka pande nyingi, kivuli kinapakazika. Kwa f/16 tundu limebaki kama la sindano.

Ukitaka hesabu, hii hapa. Vumbi haligusi sensa yenyewe, linakaa juu ya kioo kinachoifunika. Tuchukulie ni milimita 1 juu yake. Gawa 1 kwa 2.8: kingo za kivuli zinatawanyika kwa takriban milimita 0.36. Gawa 1 kwa 16: milimita 0.06 tu. Sensa ya GR III ina upana wa milimita 23.5 hivi na pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 6000 kwa upana huo, kwa hiyo pikseli moja ni kama milimita 0.004. Kwa f/2.8 ukingo wa kivuli umesambaa pikseli 90, jicho halioni kitu. Kwa f/16 ni pikseli 16, na hapo umeshaanza kulaumu lenzi. Vumbi lilikuwapo sebuleni vilevile, ila lilikuwa limepakwa.

Kabla ya kuniamini, jipime. Weka ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, f/16, elekeza ukuta mweupe ulio na mwanga wa kutosha, na fokasi uiweke mbali kabisa kwa mkono ili ukuta usitoke mkali. Ongeza mwangaza kidogo, hatua moja inatosha, la sivyo kamera itaufanya ukuta mweupe uwe wa kijivu na vidoa vitajificha humo. Spidi ya shata, yaani muda sensa inaopokea mwanga, iwe kama sekunde nzima, ukiweza kuipata, na wakati wa kupiga zungusha kamera polepole kama unayefuta meza. Alama zote za ukuta zitafutika kwa mtikisiko. Kitakachobaki kimesimama kinatembea na kamera yako. Kisha piga tena kwa f/2.8. Kikitoweka, ni vumbi la sensa. Kikibaki, tena ni kidoa kidogo chenye rangi, chekundu au cha buluu, kinachoonekana hata ukifunika lenzi kwa kitambaa cheusi, hiyo ni pikseli iliyoungua na ni habari nyingine.

Na ukitaka kujua chembe iko wapi: picha huangukia kwenye sensa ikiwa kichwa chini. Kidoa chako cha juu kulia kiko chini kulia ukiitazama sensa kwa mbele. Fundi utakayempelekea mwambie hivyo, atakuheshimu.

Sasa limeingiaje, wakati lenzi ya kamera hii haivuliwi? Wenye kamera ndogo za bei kubwa hushangazwa sana na hili; wanadhani kwa kuwa lenzi haitoki, ndani kumefungwa kama kopo. Wazo la mvukuto wa mhunzi litakusaidia. Kila ukiwasha, lenzi inatoka nje, nafasi ya ndani inapanuka, hewa inavutwa. Ukizima, inarudi. GR III haikukingwa dhidi ya vumbi wala maji, kwa hiyo hewa inayovutwa inakuja na chochote kilicho karibu. Na kilicho karibu ni nini? Mfuko wako. Nyuzinyuzi za kitambaa, unga wa karanga za Forodhani, mchanga. Watu wanaipenda GR kwa sababu inaingia mfukoni, na mfuko ndio unaoijaza. Mmiliki mmoja alinipa yake niiangalie. Nilipogeuza mfuko wa koti lake ndani nje, nikapata kitambaa kizima cha vumbi kilichosokotana. Hatukuhitaji kujadili zaidi.

Tiba ya kwanza iko ndani ya kamera yenyewe. GR III inatikisa sensa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika ili vumbi lidondoke. GR ya 2013 na GR II ya 2015 hazikuwa na kitu hicho, na wenye hizo wanajua uchungu wake. Tafuta kwenye menyu sehemu ya kuondoa vumbi. Shika kamera lenzi ikitazama chini, ili kinachong'oka kianguke mbali na sensa, kisha uiendeshe mara tano au sita mfululizo. Rudia jaribio la ukuta. Vumbi kavu mara nyingi linatii. Lililokaa muda mrefu kwenye hewa ya bahari huwa gumu: chumvi na unyevu vinaligandisha kama gundi, na mtikisiko hauling'oi. Vidoa vyako ni vya tangu Ramadhani, kwa hiyo fanya leo, usingoje.

Kuhusu mashine ya kufyonza: wapo wamiliki wanaoapa kwamba wameweka bomba mbele ya lenzi, wakawasha na kuzima kamera mara kadhaa, vidoa vikaondoka. Siwaiti waongo. Lakini niliwahi kuletewa kamera ndogo, chapa siitaji, iliyoingia kwenye zoezi hilo na kidoa kimoja ikatoka na vinne. Mashine haichagui inachokivuta, inasukasuka hewa yote ya ndani, na chembe iliyokuwa imetulia pembeni inahamia katikati. Pia lenzi inayotoka na kuingia imeshikwa na vijino vyembamba vya plastiki. Kuivuta kwa nguvu isiyopimwa ni kamari, na kamera ni yako.

Kuifungua nyumbani ndiko ninakokukataza kwa kauli nzito. Miaka ya nyuma, nikiwa bado najifunza, nilifungua kamera ndogo yenye flashi ndani, nikiwa nimetoa betri na kujiona mwerevu. Kapasita ya flashi hubaki na umeme wa takriban volti 300 hata betri ikiwa mezani. Mkono ulirushwa, kamera ikaruka, na bisibisi mpaka leo ina alama. GR III haina flashi ndani, kwa hiyo kwa hilo umesalimika, lakini ina jingine: sensa yake inaelea kwenye sumaku ili kutuliza mtikisiko wa mikono. Bisibisi inavutwa, riboni za umeme ni nyembamba kama karatasi, na sensa ikirudi imeinama hata kwa unene wa unywele, upande mmoja wa picha utakuwa mkali na mwingine umelegea. Hapo utavitamani vile vidoa vitatu. Mpe fundi anayefungua kamera za aina hii mara kwa mara, uliza bei kwanza, na ikizidi theluthi ya uliyonunulia, mimi binafsi ningeishi navyo.

Maana, dada yangu, kuishi navyo si vigumu. Tatizo lako kubwa naona ni hiyo f/16.

Najua umeambiwa tundu dogo linatoa picha kali. Ni kweli mpaka mahali fulani. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika kingoni. Kwa f/16, nukta moja ya mwanga inatua kwenye sensa ikiwa duara la kama maikromita 21 (maikromita ni elfu moja ya milimita), na pikseli yako haifiki 4. Nukta moja imelala juu ya pikseli tano kwa upana! Kwa hiyo f/16 inakulainishia picha huku ikikuchorea vumbi: unatoa ukali, unapokea madoa.

Weka f/5.6. Lenzi ya GR III ni ya milimita 18.3, fupi, na lenzi fupi ina fokasi pana kwa asili yake. Kwa f/5.6, ukiweka ule ulengaji wa haraka wa umbali maalumu kwenye mita 3.5, kila kitu kuanzia mita 1.6 hivi mpaka upeo wa macho kitatoka vizuri. Mvuvi aliye mbele yako na jahazi lililo nyuma yake, wote wamo. Kwa jua la saa sita za mchana, ISO 100, spidi itakuwa karibu 1/800 ya sekunde, na mikono haitatikisa chochote. Kama ulikuwa unakwenda f/16 ili kupunguza spidi, maji yatoke laini, kamera hiyo ina kichujio cha kupunguza mwanga ndani yake, cha hatua mbili, yaani kinapitisha robo tu ya mwanga. Kiwashe, 1/800 inakuwa 1/200 bila kugusa apecha. Wengi wanamiliki kamera hii miaka miwili na hawajui kichujio hicho kipo.

Picha ulizokwisha kupiga zisafishe kwenye kompyuta. Faida ya vumbi la sensa ni kwamba halihami: futa vidoa vitatu kwenye picha moja, kisha nakili marekebisho hayo kwa picha zote za siku hiyo. Angani kazi hii haionekani. Kikiangukia uso wa mtu, rekebisha moja moja.

Kwa mbele ya safari, nunua kijifuko laini kinachozibika, kamera ikae humo ndani ya mfuko, na kijifuko chenyewe ukikung'ute kila wiki. Kwenye upepo wa ufukweni washa ukiwa umegeuzia upepo mgongo. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kuingia joto la nje, iache kwenye mkoba robo saa kabla ya kuitoa. Umande ukitua ndani ndio unaoligeuza vumbi kuwa gundi, na huo ukungu anaouogopa rafiki yako ndiko unakoanzia. Nyumbani ilale kwenye kopo la plastiki na vile vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu. Usiiache kabatini miezi.

Na betri ya pili, kama bado huna. Betri ya GR III imekadiriwa kupiga picha 200 hivi, na mtu wa bandarini anazimaliza kabla ya adhuhuri.

Ukishafanya jaribio la ukuta, nitumie picha zote mbili, ya f/16 na ya f/2.8. Nitumie faili lenyewe kwa barua pepe, si picha ya WhatsApp. WhatsApp inabana picha, na kidoa cha pikseli 16 kinayeyuka njiani, kisha nitakujibu kwamba kamera yako ni safi.