Usitume hiyo meseji, mimi niliituma

Mkuu, weka simu chini kwanza. Bandiko lako nimelisoma mpaka pale ulipoandika "nimeshaandaa ujumbe wa kuwaeleza ndugu zangu ukweli", nikaishia hapo. Huo ujumbe naujua. Niliuandika mimi Desemba 2020, saa nane usiku, Kimara, nikiwa nimetoka kusikiliza klipu yenye urefu wa saa tatu kuhusu Nimrodi, yule mfalme wa Mwanzo 10.

Unauliza kama Mkristo aendelee na Krismasi, mti, mayai ya Pasaka, keki ya bethidei, sijui na pete ya ndoa, maana umeambiwa vyote vimetoka kwa wapagani. Na mwaka huu umeamua huendi kwenu Songea. Hayo mengine tutayafikia. Kwanza meseji.

Yangu ukiisoma unapangusa kioo mara sita. Niliirusha kwenye grupu la ukoo, watu 64, kuanzia bibi anayesomewa na wajukuu mpaka shemeji wa Dodoma aliyeongezwa wiki ile ile. Nikawaambia Krismasi ni sikukuu ya Tamuzi, mungu wa wapagani, mbuzi anayechinjwa ni kafara, mti ni ile sanamu ya Yeremia 10, na kwamba mimi na nyumba yangu hatuji Marangu kushiriki meza ya mashetani. Mwisho nikaweka kikatuni cha mikono ya maombi. Hicho kikatuni ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Baba yangu hana simu janja. Ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kubatizwa utotoni, kengele ya kwanza ikilia yeye kashafika. Shangazi akamsomea kwa sauti, sebuleni, mbele ya watu waliokuja kupanga habari za mahari ya mdogo wangu. Akasoma yote. Alipofika kwenye mashetani, naambiwa, alirudia ili wa nyuma wasikie.

Kwa wasio Wachaga: Desemba kule hatuendi kula ndafu tu. Ndilo bunge la ukoo. Mahari, ugomvi wa mwaka mzima, nani asomeshwe, nani kamkosea nani, vyote vinasubiri watu warudi. Tarehe 26 mwaka ule baba aliwatembeza wanawe kihambani, shamba letu la ukoo, kuwaonyesha mipaka, kutoka masale haya (majani ya mpakani) mpaka masale yale. Mimi, kifungua mimba, nilikuwa Kimara nakula chipsi mayai peke yangu, kwa sababu mke wangu alichukua watoto akapanda basi bila hata kubishana. (Mayai yenyewe, ukimsikiliza mwalimu wangu wa semina, ni ya Ishtar, mungu wa kike wa Babeli. Niliyala hivyo hivyo.) Sehemu yangu akaonyeshwa mdogo wangu, "aitunze mpaka kaka yako apone".

Apone! Neno hilo limezunguka ukoo mzima. Mpaka leo nikipiga chafya kuna binamu anauliza kama nimepona.

Baba hakunipigia simu Krismasi hiyo, wala iliyofuata. Mimi nikajiambia nateswa kwa ajili ya haki. Mkuu, raha ya kuteswa ambako umejitafutia mwenyewe ni tamu kuliko mbege, nakuonya.

Sasa huyo mwalimu. Jina simtaji. Semina zake zilikuwa kila Alhamisi, ukumbi wa kukodi Sinza, bahasha elfu tano, na flashi yenye masomo yake, bei elfu kumi na tano. Nilinunua mbili, moja ya kumpa mtu zawadi. Zawadi! Mimi niliyekataa zawadi za Desemba. Alikuwa anaongea kama mtu aliyekuwepo Babeli: Nimrodi alimwoa Semirami, wakamzaa Tamuzi tarehe 25 Desemba, ndiyo Krismasi yenu hiyo. Ukumbi mzima "amina".

Baadaye, kwa hasira, nikafanya nilichopaswa kufanya mapema: nikafungua Biblia. Mwanzo 10 inamtaja Nimrodi kama mwindaji hodari mwenye ufalme. Mke hatajwi, mtoto hatajwi, Desemba haipo hata kwa kuchungulia. Tamuzi yuko Ezekieli 8, wanawake wanamlilia hekaluni, imeishia hapo. Kuwafungisha ndoa na kuwazalisha ni kazi ya mchungaji mmoja wa Uskoti, Alexander Hislop, karne ya 19. Miaka ya 1960 Mmarekani Ralph Woodrow akayaeneza kwa kitabu chake, kikasomwa sana. Halafu akarudi kukagua vyanzo, akaona havishiki, akakiondoa sokoni mwenyewe na kuandika kingine cha kujisahihisha. Yaani mwandishi katubu, wa Sinza bado anauza flashi.

Na hiyo tarehe 25 Desemba: kalenda moja ya Roma ya mwaka 354 inazo zote mbili, kuzaliwa kwa Kristo na siku ya Jua Lisiloshindwa, mungu wa Warumi. Nani kamwiga nani, wasomi hawajamaliza kubishana. Wapo wanaosema Wakristo walihesabu tu miezi tisa kutoka tarehe 25 Machi, siku waliyoamini Mariamu alichukua mimba. Mimi niliuziwa kesi kama imeshahukumiwa.

Yeremia 10 inasema mti unakatwa msituni, fundi anauchonga, unapambwa kwa fedha na dhahabu, hausemi wala hautembei. Huyo ni mungu wa kuchonga. Mti wangu ulikuwa wa plastiki, wa Kariakoo. Hakuna msitu uliohusika. Niliupiga bei elfu ishirini kwa jirani kama ushahidi wa wokovu, mke wangu akaja kununua mwingine elfu themanini.

Pasaka ndiyo inanichekesha zaidi. Wenye Kiingereza chao wana neno Easter, na Beda, mtawa wa Uingereza, aliandika mwaka 725 kwamba limetokana na mungu wa kike Eostre. Wao wabishane. Sisi tunasema Pasaka, neno lenye asili ya Kiebrania, lile la Kutoka 12. Miezi mitatu nilimgombeza mke wangu kwa Kiswahili juu ya neno ambalo kwenye Kiswahili halimo.

Turudi kwenye meseji, maana naona nimekwenda mbali. Desemba 2022 baba mdogo, mwalimu mstaafu, akanipigia: njoo, lakini usije mikono mitupu, utabeba isale. Kwa msiolijua, hilo jani (likiwa mengi ndiyo masale) ndilo tunalopanda mipakani, na ndilo tunaloshika tukienda kuomba msamaha. Likiwa mkononi mwako, aliyekosewa anaona vigumu kukufukuza. Mimi na ugonjwa wangu haujaisha nikauliza: baba mdogo, hiyo siyo mila ya kabla ya injili?

Akanyamaza kidogo. "Wewe unataka kusamehewa au unataka semina?"

Kisha akanikumbusha habari za Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri wa Kijerumani aliyefika Uchagani mwaka 1902, na jinsi alivyotaka usharika ujengwe juu ya ukoo na ujirani, usiubomoe. Mjerumani aliona hilo. Mimi mtoto wa pale nikaja na bando la wiki kubomoa.

Stendi ya Magufuli, tarehe 23, nani namwona kwenye foleni ya basi la Mbeya? Mwalimu wangu, na mabegi mawili na keki kwenye boksi. Nikamsalimia. Akasema anakwenda kusalimia wazazi tu. Kusalimia! Tarehe 23 Desemba, na keki!

Nilifika Marangu na jani langu. Baba akalipokea, akaliweka mezani, akanitazama weee. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, swali ambalo alikuwa amelibeba miaka miwili:

"Huyo Tamuzi ni mtu wa wapi?"

Nikaanza kueleza. Nikashindwa.

Kwa hiyo, mkuu, dhamiri yako ikikataa Krismasi, Warumi 14 inakupa nafasi, usiadhimishe. Lakini panda basi. Nenda Songea, kaa, uliza mama yako anamwabudu nani anapopika ule wali. Ukiambiwa umwage pombe kwa mizimu, kataa pale pale kwa mdomo wako, nami nitakuunga mkono. Ila usikatae kwa grupu, ukiwa Dar, kwa klipu ya mtu mwingine. Nenda kwanza.

Keki na pete sikumbuki uliuliza nini. Pete vaa, mkeo asije akaanzisha uzi wake.

Hebu jibu moja tu: hiyo meseji imeshakwenda? Kama imekwenda usiku huu, ifute kwa wote sasa hivi kabla shangazi hajaamka.