Kuhamishia darasa mtandaoni ndani ya wiki moja: anza na mwanafunzi, programu itafuata

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ni programu gani ya video inafaa kwa darasa la wanafunzi mia mbili, maana chuo kimefungwa na Jumatatu unatakiwa uendelee kufundisha ukiwa nyumbani. Nimefundisha hivi tangu vyuo vilipofungwa mwaka 2020, na kwa maoni yangu swali la programu ndilo jepesi kuliko yote. Tumia ile ambayo chuo chako tayari kinayo na wanafunzi wana akaunti zake, hata kama haikupendezi.

Gumu ni kuamua kipi kifanyike mubashara. Mimi mhadhara siufanyi mubashara kabisa. Mwenye intaneti hafifu, anayetumia simu moja na wadogo zake, au anayeuguza mtu, huyo ndiye atakayekosa, na wala hatalalamika: utashtukia tu hayupo tena. Saa moja ya video hula megabaiti mamia, pengine gigabaiti nzima. Sauti peke yake, ukiirekodi kwa kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 10 hazifiki megabaiti 5. Ataipakua mara moja, ataisikiliza apatapo nafasi, na asipoelewa atairudia. Ambatanisha slaidi zenye namba, ili ukisema "tazama ya 7" ajue mko wapi.

Rekodi vipande vifupi. Utafiti wa mwaka 2014 kuhusu video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulikuta kwamba muda wa wastani ambao watu walitazama haukuvuka dakika 6, hata video ikiwa ndefu kiasi gani. Wale walikuwa wanasoma kwa hiari, wanafunzi wako wana mtihani mbele yao, lakini mimi bado naliheshimu fundisho hilo: kipande kimoja, hoja moja, na mwishoni swali wanalolijibu kwa maandishi. Usipoteze usiku ukihariri. Ukikohoa, endelea.

Muda wa mubashara uweke kwa maswali. Waambie wayatume kabla, wagawe makundi madogo, na asiyeweza kuhudhuria asikatwe alama. Kamera isiwe lazima. Si kila mtu ana chumba anachotaka kionekane.

Kisha maelekezo. Mwanafunzi mwenye kozi tano anapokea ujumbe kutoka kwa wahadhiri watano, kila mmoja na mahali pake pa kutangazia. Wewe chagua mahali pamoja na siku moja ya wiki, uandike: soma hiki, sikiliza hiki, wasilisha hiki kabla ya siku fulani. Kurasa za kitabu ulizozipiga picha usizipakie hivyohivyo, kwa sababu programu zinazowasomea wasioona mara nyingi hushindwa kuisoma picha isiyogeuzwa kuwa maandishi.

Kwa mitihani, wenzetu wengi hukimbilia kuwachunga wanafunzi kwa kamera. Sikushauri. Badilisha swali: badala ya "taja sababu nne", mpe takwimu au kisa asichowahi kukiona, umtake aeleze angeamua nini na kwa nini. Mpe saa 24, si moja, ili umeme ukikatika asiangukie pua. Maabara ni shughuli nyingine. Data za majaribio ya miaka iliyopita zitamfundisha kuchambua, ila ustadi wa mikono utasubiri mpaka vyuo vifunguliwe, na ni haki uwaambie hivyo waziwazi.

Kabla hujarekodi chochote, leo hii, waulize wanafunzi mambo matatu: wanatumia kifaa gani, intaneti wanaipata saa ngapi, na nini kinaweza kuwakwamisha. Usitegemee dodoso la mtandaoni peke yake, kwani asiye na intaneti hataliona. Tuma pia ujumbe mfupi wa simu, na wale watakaokaa kimya mwombe kiongozi wa darasa awapigie mmoja mmoja.