Kosa la Mahitaji Lililoniangusha Mtihani wa Uchumi

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa Wete aliniandikia kwamba amefeli mtihani wake wa kwanza wa uchumi na anataka kuhamia somo jengine. Haya ya zamani ilinirudia, kwa sababu mimi pia, mwaka wangu wa kwanza wa masomo Unguja, nilipata alama 19 kati ya 100, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima, kisha akauliza kama kwetu Pemba karafuu zinauzwa bila ya bei. Wenzangu walicheka, na waliocheka nawakumbuka mmoja mmoja.

Swali lilikuwa hili: bei ya samaki ikipanda, mahitaji yanakuwaje? Nilijibu kwamba mahitaji hupungua na kwa hiyo bei hushuka tena, nikawa nimejizungusha mwenyewe. Kinachopungua bei inapopanda ni kiasi kinachonunuliwa, yaani mnunuzi anasogea juu ya mstari uleule wa mahitaji, ule mchoro unaoonyesha watu watanunua kiasi gani kwa kila bei; mstari wenyewe huhama pale linapobadilika jambo jengine, kama vile kipato, bei ya kuku, au kuingia kwa Ramadhani.

Jambo hilo lilinikaa nilipokwenda nyumbani likizo, kusi likivuma na ngarawa nyingi zimevutwa pwani. Changu wachache waliofika dikoni walinadiwa kwa bei kubwa, na mama akarudi na dagaa. Ugavi wa changu, yaani kiasi ambacho wauzaji wako tayari kuleta sokoni kwa kila bei, ulihama kwa sababu ya upepo. Mama, ambaye changu anampenda vilevile, alisogea tu juu ya mstari wake. Na mahitaji ya dagaa ndiyo yaliyohama, kwa kuwa changu amepanda bei. Yote matatu yalikuwa ndani ya kikapu kimoja cha ukili.

Historia yetu nayo ina mfano ambao nashangaa kutousikia darasani. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Ugavi ukapungua, bei ikapanda, na wenye mashamba wa Pemba wakazidisha kupanda. Lakini mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo bei nzuri ya leo haileti karafuu kesho.

Basi, mdogo wangu, chora mstari kabla ya kuandika neno, na ujiulize kilichobadilika ni bei ya bidhaa yenyewe au ni kitu jengine. Ukishajibu, jiulize tena. Vijana mnakariri maana za maneno usiku kucha, na sokoni mnapita mkiwa mmeinamia simu, ilhali mtihani mzima umepangwa juu ya meza za wachuuzi.

Mtihani wa marudio nilipata 81. Alama hiyo haikusomwa mbele ya darasa; niliikuta ubaoni, peke yangu, baada ya swala ya alasiri.