Oili ya msumeno wa injini: mililita ngapi kwa lita?

Umeambiwa utie "kifuniko kimoja" cha oili kwa galoni ya petroli, na unauliza kama oili ya tuktuk inafaa. Jibu: mililita 20 kwa lita moja ya petroli, yaani 50 kwa 1 (petroli sehemu 50, oili sehemu 1). Galoni ya lita 5 itachukua mililita 100 tu, si "kifuniko kimoja" kama ulivyoambiwa. Hiyo ni kwa oili halisi ya tustroki, ile iliyoundwa kuchanganywa na petroli na kuungua nayo. Ile ya tuktuk usiitie kabisa. Injini hii haina oili yake pembeni, inategemea ile iliyochanganywa na petroli, na ya tuktuk haikuundwa kuungua hivyo. Plagi itajaa masizi na pistoni inaweza kukwama.

Lakini soma kitabu cha mashine yako kwanza, kuna za zamani zinazotaka 25 kwa 1, yaani mililita 40. Na usichanganye ya mwezi mzima kwa joto hili la Mombasa, changanya ya kazi ya wiki.

Oili ya mnyororo ina tangi lake, usiibanie. Mimi hukata minazi Nyali na Likoni: mnazi una silika, mnyororo huisha makali upesi kuliko kwenye mwarobaini. Bei ya kukata mnazi niliiongeza kwa sababu ya tupa peke yake.