Mteja kakataa logo 11, nimrudishie hela yake?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni dizaina niko Nyegezi, Mwanza, nina miaka mitatu kwenye hii kazi. Kuna mteja anafungua mgahawa wa samaki, tulikubaliana logo, menyu na bango la nje, akanipa advansi nusu. Mpaka saa hizi nimeshamtumia logo 11 WhatsApp na kila nikituma ananijibu "nzuri ila bado haijanigusa", mara weka nyekundu, mara samaki awe mkubwa, jana kaniambia shemeji yake kasema inafanana na ya chama cha ushirika. Nimechoka kaka, nataka nimrudishie hela yake tuachane. Nakosea?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, ila hela usirudishe kwanza. Umenisimulia rangi, umenisimulia samaki na shemeji, ila sijaona popote umesema huo mgahawa unamlisha nani. Ni wa watu wa stendi wanaotaka sato na ugali wale fasta waondoke, au wa watu wanaokuja kukaa jioni kuangalia ziwa na familia zao? Kama hujui basi ulikuwa unabahatisha, na ye mwenyewe alikuwa anabahatisha, ndo maana jibu lake ni "haijanigusa" kwa sababu hana kipimo kingine.

Nenda kakae naye hapo hapo kwenye eneo, sio kwa simu. Muulize nani anakuja kula, sahani itauzwa shilingi ngapi, majirani wanaouza samaki mabango yao yana rangi gani, bango litasomwa na mtu anayetembea au aliyeko kwenye daladala inayopita. Halafu muulize nani ana neno la mwisho. Hili hasa wengi tunaona aibu kuliuliza, tunajua aliyetupigia simu ndo bosi kumbe mtaji kaweka shemeji au mke, na yule mwenye mtaji anakuja kuiona kazi siku ya mwisho. Kama shemeji ana hela yake mle ndani basi aitwe kwenye kikao cha kwanza aseme yake yote, kama hana, mteja asikilize kisha aamue mwenyewe na akuletee wewe jibu moja.

Na wewe punguza kutuma. Paul Rand, dizaina wa Marekani, alipomchorea Steve Jobs logo ya kampuni yake ya kompyuta, NeXT, mwaka 1986, kwa dola 100,000, alimpelekea logo moja tu ikiwa ndani ya kitabu kidogo kinachoeleza amefikaje pale. Sisi hatulipwi hivyo najua, ila kueleza ni bure! Ukituma 11 bila maelezo mteja anachagua kama anachagua kitenge sokoni. Tuma mbili, kila moja iwe imekaa kwenye bango, kwenye menyu, kwenye fulana ya mhudumu na kwenye muhuri wa rangi moja. Mi niliwahi kumpa mteja logo yenye rangi zinazofifia taratibu na vimstari vyembamba, kwenye skrini ilipendeza sana, ilipofika kwa fundi wa kudarizi yunifomu ikawa doa tu, tukaanza upya na mteja alikuwa na haki yote ya kukasirika.

Mkishaelewana andikeni: marekebisho mara mbili au tatu, zaidi ya hapo yanalipiwa, mteja atajibu ndani ya siku ngapi, faili za mwisho zinatoka hela ikimalizika. Hata ikiwa meseji ya WhatsApp aliyoijibu "sawa nakubali" ni bora kuliko maneno matupu.

SWALI: Nina bekari Tanga. Dizaina alinipa logo ya JPEG, sasa mtu wa mabango anasema itatoka ukungu anataka faili lingine, dizaina ananiambia niongeze hela. Ni haki?

JIBU: Dada, JPEG imejengwa kwa vidoti, ukiivuta iwe ukubwa wa ukuta vidoti vinaonekana. Unachohitaji ni vekta, faili linaloishia na AI, EPS au SVG, hilo linakuzwa utakavyo. Kwangu mimi hilo ni sehemu ya kazi ya logo na lilitakiwa lije siku ile ile, ila kama hamkulitaja mwanzo zungumzeni kwa upole, na akuandikie pia kwamba haki ya ule mchoro kakuachia wewe. Hiyo karatasi itakufaa ukienda kusajili alama ya biashara BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, ambako bidhaa zimegawanywa kwa makundi na mkate na keki vinaingia kundi la 30, ulinzi wa mwanzo ni miaka 7 halafu unahuisha kila miaka 10. Fanya upekuzi wa jina kabla hujachapa mifuko. Na kama hela yake ya mwisho hujamalizia, malizia kwanza ndo uombe faili.